Ziwa Dogo Juu ya Jiwe: Namna ya Kulifikia kwa Siku Moja, Msimu wa Maua

Ukisema "ziwa" hapa Mwanza, kila mtu anageuza shingo kule kwenye maji makubwa. Hili ninalotaka kukupeleka lina urefu wa hatua kumi na nane na upana wa hatua tisa. Nimelipima kwa miguu yangu mwenyewe. Kina chake nimekipima kwa fimbo, maana ndani siingii na wewe nitakuomba usiingie: kinafika gotini. Liko juu kabisa, kwenye mgongo wa jiwe upande wa Luchelele, na linakaa wiki chache tu. Mvua ikikata linakauka, linabaki doa jeupe-jeupe kama sinia lililosahaulika juani. Mvua ikirudi, nalo linarudi, limezungukwa na maua.

Mimi ni fundi cherehani, mzaliwa wa Mabatini. Mama yangu alitulea watoto sita kwa kugonga kokoto, kwa hiyo mawe niliyajua kabla ya herufi. Sasa nina miaka hamsini na mbili na goti la kushoto linalonisimanga kila nikiona ngazi. Safari hii naifanya kila mwaka tangu 2014, mimi na wenzangu wanne wa kikoba chetu. Tulianza kutembea baada ya mmoja wetu kuambiwa na daktari kwamba vidonge vya presha peke yake havitoshi, anyanyue miguu. Tukasema hatumwachi anyanyue peke yake.

Nakutahadharisha mapema: haya si matembezi ya jioni ya kununua mishikaki. Simu yangu inasoma kilomita kumi na sita, nasi tunatumia saa tisa mpaka kumi pamoja na kupumzika. Vilima vyetu si virefu. Ziwa Victoria lenyewe liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na vilima vinapanda mita mia, mia na hamsini, vingine mia mbili hivi juu yake. Mchaga akisikia atacheka. Ila hapa unapanda, unashuka, unapanda tena, mara tatu kwa siku, pengine kwa mikono na miguu, juu ya jiwe ambalo ikifika saa sita mchana unaweza kukaangia yai. Tuko karibu na mstari wa Ikweta, jua halikuonei haya.

Lini uende

Vuli kwetu huanza Oktoba na kwenda mpaka Desemba, kisha panakuwa na mapumziko Januari na Februari, halafu masika kuanzia Machi hadi Mei. Maua yapo misimu yote miwili ila hayafanani. Mvua za kwanza za vuli zinatoa maua ya mizizi minene, yale yanayolala ardhini kiangazi kizima na kuamka yakisikia tone. Masika inatoa maua madogo madogo ya majini na kwenye nyasi. Nikilazimishwa kuchagua siku moja tu ya mwaka, nitachukua Jumamosi ya mwisho ya Novemba au ya kwanza ya Desemba, kwa sharti kwamba mvua imenyesha mara tatu nne wiki mbili zilizopita lakini si usiku wa kuamkia siku hiyo. Jiwe lililolowa usiku halijakauka alfajiri, nitalifikia hilo.

Kiangazi usijisumbue kwa ajili ya maua. Mzungu Speke alipolitazama ziwa letu kutoka kwenye kilima, Agosti 3, 1858, ulikuwa ukame mtupu. Aliona maji, akaondoka na sifa zake. Maua hakuyaona, na kwa maoni yangu aliiona Mwanza nusu.

Kilima kipi

Sitakitaja kwa jina. Nilimwonyesha kijana mmoja, mteja wangu wa suti, akanishukuru sana. Wiki mbili baadaye nikakuta jina lake na la mchumba wake limepakwa rangi nyekundu juu ya jiwe, na chupa za soda zinaelea. Suti nilimalizia kwa sababu alishalipa.

Ila nitakufundisha kukitafuta, maana hakipo kimoja. Vilima vya Mwanza viko vya aina mbili. Kuna vile vya mawe yaliyopangana kama mtu aliyeshusha magunia, hivyo ndivyo vinavyopigwa picha, pamoja na lile Jiwe la Bismarck pale bandarini. Juu yake hakuna maji, yote yanapita katikati ya nyufa. Wewe tafuta aina ya pili: jiwe moja pana, uchi, lenye mgongo wa mviringo kama nyangumi. Kwenye mgongo huo panakuwa na mabonde madogo ambayo maji yameyachimba kwa miaka isiyohesabika, na mawe haya ni ya zamani sana, zaidi ya miaka bilioni 2.5. Fungua ramani ya picha za satelaiti kwenye simu, kuza picha ya ukanda wa Nyegezi, Malimbe na Luchelele: jiwe uchi linaonekana kama kiraka cha kijivu, na bonde la maji ni nukta nyeusi au ya kijani katikati ya kiraka. Ukiona nukta tatu nne zilizokaribiana, hapo panastahili nauli.

Kisha nenda kiangazi mara moja bila haraka, ukajue njia ikiwa kavu. Na pita kwa mwenyekiti wa mtaa ujitambulishe. Vilima vingine vina wenyewe, kuna watu wanaogonga kokoto upande wa chini, kuna wenye mashamba, na kuna mawe ambayo wazee hufanyia matambiko. Ukikuta chungu au shanga chini ya jiwe, ondoka kimya kama ulivyokuja. Hakuna anayekuhoji ukiwa umeaga.

Mzigo

Maji lita tatu kila mtu, hiyo haina mjadala. Lita moja kati ya hizo mimi naichanganya nyumbani: vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazisha, ndani ya lita moja ya maji yaliyochemshwa. Nainywa kuanzia saa nne, sisubiri kichwa kiume. Wale wanaobeba soda nawahurumia.

Chakula: matobolwa na karanga. Kwa wasio wa kwetu, matobolwa ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa, vikaanikwa mpaka vikawa vigumu vya kutafuna taratibu. Usichanganye na michembe, ile huanikwa mbichi na inataka kupikwa. Matobolwa hayaharibiki, hayamwagiki, na mtu akitafuna haongei, jambo ambalo kwenye mpando wa pili ni baraka.

Viatu ni raba yenye soli laini iliyoanza kulika kidogo, si mpya ya kung'aa. Katambuga za tairi zinashika jiwe kavu kuliko kiatu chochote cha dukani, nimeona wachunga mbuzi wakipita nazo mahali nilipotambaa, lakini jiwe likilowa zinakuwa sabuni. Yeboyebo ziache nyumbani.

Begi niliwashonea wote mwenyewe, la turubai, mikanda upana wa vidole vinne. Mkanda mwembamba unakata bega kabla ya saa nne, na begi la kuning'inia upande mmoja litakuvuta siku ile usiyotaka kuvutwa. Wanawake wenzangu, vaeni suruali ndani na kitenge juu. Mkipita kwenye miji ya watu kitenge kinawasitiri, mkifika kwenye jiwe mnakivua mnakifunga kiunoni. Kitenge hicho hicho ni kivuli, ni taulo, na siku moja kilikuwa bandeji. Ongeza tochi, filimbi, simu iliyojaa chaji, na mfuko wa kurudishia takataka zako.

Kuondoka na sehemu ya chini

Daladala la kwanza kwenda Nyegezi tunalipanda saa kumi na moja alfajiri, ili saa kumi na mbili tuwe tumeshaanza kutembea. Jua huchomoza kama saa kumi na mbili na nusu. Kabla hatujaacha barabara tunafanya kitu kimoja: tunasimama dakika tano tunatazama upande wa ziwa. Usiku mawingu ya mvua hujikusanya juu ya maji, na asubuhi yanaweza kumwagika mjini. Kukiwa na umeme unamweka kule, tunanunua chapati na chai, tunasubiri. Mara mbili tumekunywa chai mpaka saa mbili, tukarudi nyumbani. Hasara ya nauli si hasara ya mtu.

Sehemu ya kwanza ni ya udongo wa mchanga, ambao Wasukuma tunauita luseni. Unakaa chini ya vilima vya mawe kwa sababu ni jiwe lenyewe lililosagika. Ni laini mguuni, na kwa saa nzima unajiona hodari. Njia inapita kati ya nyumba na ua za minyaa, na hapa nitatua kidogo. Mnyaa ni mti wa ua, vijiti vya kijani visivyo na majani, na ukivunjika unatoa utomvu mweupe. Utomvu huo ukiingia jichoni utaomba kufa. Mwaka wangu wa pili nilikata njia kupitia ua badala ya kuzunguka, kijiti kikanirudi usoni. Tulisafisha jicho kwa maji safi dakika ishirini, karibu akiba yote ya kundi, na safari iliishia hapo, tukaenda zahanati. Tangu siku hiyo nazunguka, hata kama mzunguko ni robo saa.

Salimia kila unayemkuta. Ukiwa kwenye ardhi ya watu na begi mgongoni, salamu ndiyo kitambulisho. Kuna bibi mmoja anayeanika dagaa nje ya nyumba ya mwisho, tunampitia kila mwaka. Mara ya kwanza alituona wanawake watano tumepanga mstari, vitenge vimefungwa, saa moja asubuhi.

"Mwangaluka, bibi. Shikamoo."

"Marahaba wanangu. Msiba uko kwa nani?"

Tukamwambia hakuna msiba, tunakwenda kuangalia maua. Akanyamaza, akatuangalia miguuni, kisha akasema, "Basi mkishuka mpite hapa, nijue mmeshuka." Huyo ndiye kituo chetu cha uokoaji mpaka leo. Tunamwachia saa tunayotarajia kurudi, na kilo ya sukari. Tafuta wa kwako.

Ukishaiacha nyumba ya mwisho utaona mahali penye nyasi ndefu zisizolishwa, pengine pamezungushiwa miiba. Ni ngitili, malisho yaliyofungwa kusubiri kiangazi. Usikatize ndani. Tembea pembeni na uangalie, kwa sababu mahali ng'ombe hawajafika ndipo maua yalipo. Mwishoni mwa Novemba utakuta lile ua la duara jekundu, mpira mzima wa nyuzi nyekundu juu ya kikonyo kimoja, mara nyingi majani yake hayajatoka hata moja. Wataalamu wanaliita Scadoxus multiflorus. Pia kuna lile linalopanda kwa kujisokota kwenye vichaka, petali zimepindukia juu, nyekundu zenye kingo za njano kama moto wa kuni: Gloriosa superba. Yote mawili yana sumu, na la pili lina sumu kali hasa kwenye mzizi. Usichimbe, usimpe mtoto ashike. Na pale chini kwenye udongo mweusi wa mbuga, ukiona kitu kama vipande vya karatasi nyeupe vimetupwa kwenye nyasi, usilaumu watu wa sherehe. Ni ua, Cycnium tubulosum, na mizizi yake inaibia chakula mizizi ya nyasi zilizo jirani.

Kusoma jiwe

Hapa ndipo safari ilipo. Mengine yote ni kutembea.

Jiwe letu lina rangi, na kila rangi ina maneno yake. Kijivu kikavu chenye chembe zinazokwaruza ni rafiki, panda wima, weka soli nzima chini na si vidole peke yake. Madoa ya njano na ya rangi ya chungwa yaliyoganda kama rangi ya zamani nayo hayana shida yakiwa makavu. Michirizi myeusi inayoshuka kutoka juu kama machozi, hiyo ndiyo ya kuogopa. Ni njia ya maji ya mvua, na weusi wake ni utando hai unaoamka ukilowa. Kiangazi unaupita bila kujua. Siku yenye unyevu ni mafuta ya kula yamemwagwa sakafuni. Mwaka 2017 nilikanyaga mchirizi upana wa kitabu tu, nikaenda mita nne nimekaa, sketi ikachanika kuanzia pindo mpaka mshipi, nikasimamishwa na kichaka. Wenzangu walicheka kwanza kisha ndipo wakaja, na kitenge ndipo kilipogeuka bandeji. Sketi ile nimeitundika kibandani, wateja wananiuliza kama ni mtindo.

Kwa hiyo kabla ya kuvuka mchirizi, gusa kwa kiganja. Ukiwa baridi na unateleza kidogo, fuata ukingo wake kwenda juu mpaka mahali unapoweza kuuruka kwa hatua moja, bila kuukanyaga.

Kitu cha pili ni sauti. Granaiti hubanduka kwa maganda kama kitunguu, ganda la juu linaachana na la chini linabaki limelala. Gonga kwa kisigino au kwa fimbo. Jiwe zima linajibu "ti", fupi. Ganda lililoachana linajibu "dum", kama debe. Mama aliwatambua wenzake wageni wa kokoto kwa hilo: mgeni hagongi kwanza. Katikati ya ganda unaweza kupita taratibu, mmoja mmoja. Ukingoni usikanyage kamwe.

Cha tatu ni nyufa. Usitie mkono mahali ambapo jicho halijatangulia. Humo wanakaa pimbi, na huko hakuna neno, utajua kwa mikojo yao iliyoganda meupe juu ya jiwe na mluzi wao mkali wakikuona. Lakini humo humo wanakaa nyuki, na nyoka. Kifutu halikimbii kama nyoka wengine, linalala tu njiani likiota jua likitegemea kwamba hujaliona. Piga fimbo chini, tembea ukitazama mahali mguu unapokwenda. Nyuki je? Usijipulize manukato siku hiyo, na ukisikia mvumo ndani ya ufa rudi ulikotoka bila kupunga mikono. Wakikuvamia, funika uso kwa kitenge ukimbie, usisimame kuwapigapiga.

Mjusi yule mwenye kichwa na kifua cha waridi na mwili wa bluu atakupigia pushapu juu ya kila jiwe. Ni wa kwetu, jina lake la kitaalamu ni Agama mwanzae, tangu 1923. Hana madhara. Dume ndiye mwenye mavazi, jike amevaa kahawia, nami kama fundi nimekuwa nikijiuliza nani aliwashonea.

Mpando wa pili ndio mbaya kuliko yote, saa nne hivi, jua limeshakomaa na kilele unachokiona si kilele. Hapo tunatembea dakika ishirini tunapumzika tano, kwa saa, bila kubishana. Mwenye mwendo mdogo anatangulia. Ukimweka nyuma atajiona mzigo, atakaza mwendo, atateleza.

Radi

Saa saba na nusu mchana muwe mmeshaondoka juu. Hata mbingu ikiwa nyeupe kama shuka, ondokeni. Nchi kavu ikipata joto, mawingu hupanda upande wa bara na yanageuka meusi muda wa kula ndizi moja. Mkiona mwako, hesabuni mpaka ngurumo: kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Ikiwa hesabu haikufika thelathini, shukeni mara hiyo. Msisimame chini ya mti ulio peke yake, msijibanze chini ya jiwe lililoning'inia mkiliegemea, msishikane mikono. Shukeni kwenye bonde lenye vichaka vifupi, achaneni hatua kadhaa, chuchumaeni miguu pamoja, na msubiri nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho. Mwaka 2021 tulichelewa kwa sababu ya picha. Vinyweleo vya mikono vilisimama kabla sijasikia chochote, na jiwe likawa linalia kama sisimizi wanatembea ndani yake. Tulishuka kwa makalio, na hakuna aliyekumbuka goti.

Penyewe

Utalijua umefika kwa vyura. Jiwe linaacha kupanda, linalala, na sauti inatoka mahali usipotegemea maji.

Pembeni ya dimbwi kuna ukanda wa kijani upana wa mkono, umekaa juu ya udongo usiozidi unene wa kidole. Lala kifudifudi juu ya jiwe kavu, uso uwe karibu na ukanda huo, vinginevyo hutaona kitu. Kuna maua ya zambarau madogo kuliko kichwa cha pini ya kushonea, kila moja limesimama juu ya kikonyo chembamba kama uzi namba hamsini. Mimea hii inakamata vidudu kwa vifuko vilivyo chini ya maji, kwa sababu juu ya jiwe hakuna mbolea. Upande wa pili kuna vishina vyeusi kama fagio lililoungua, jamii ya Xerophyta. Kiangazi utaapa vimekufa. Mvua mbili tu, majani ni ya kijani, na maua yake ya zambarau iliyofifia yamefunguka. Ndani ya maji viluwiluwi wanashindana na jua: wapate miguu kabla dimbwi halijakauka.

Usikanyage ukanda wa kijani. Hatua moja inaubandua kama zulia, na mvua inayofuata inaubeba wote. Usinawe mikono yenye mafuta wala sabuni, usiingie, usichote. Kaa upande wa upepo, kula matobolwa yako, na angalia. Ukiinua macho, ziwa kubwa liko mbele yako lote mpaka macho yanaposhindwa, na wingu la visubi wa ziwani limesimama juu ya maji kama moshi wa treni. Sisi hukaa hapo dakika arobaini. Mwenzetu wa presha huwa halali wala haongei, anahesabu maua ya Xerophyta, anaandika kwenye daftari la kikoba nyuma ya kurasa za marejesho. Mwaka jana yalikuwa mia mbili na sita.

Kushuka mpaka mwaloni

Magoti hulia kwenye kushuka. Mahali pakali geuka, uso utazame jiwe, shuka kama unashuka ngazi ya paa. Mahali pa mteremko wa wastani nenda kwa kukatakata upande, kushoto kulia. Na usione haya kukaa chini ukajisogeza. Suruali ya kitambaa cha dril nimeitia kiraka cha turubai matakoni kwa kazi hiyo.

Saa tisa alasiri mtakuwa mmefika mwaloni, pale mitumbwi ya samaki inapofikia, upande wa Luchelele, mmechoka, mna chumvi usoni, na maji yako hatua kumi. Hapo ndipo wengi wanaposhindwa. Siku nzima umeliona ziwa, mwili wote unalitaka. Usiingie. Kichocho cha tumbo kipo ziwani, kimelea kinatoka kwenye konokono na kinapenya ngozi nzima isiyo na kidonda kwa dakika chache tu. Na yale madimbwi ya bara, ya kule kwenye mbuga, yana kichocho kingine cha kibofu, kwa hiyo usivuke kwa miguu mitupu huko nako. Ikiwa ulilowa kwa bahati mbaya, kajipimishe baada ya wiki sita mpaka nane, mapema zaidi mayai hayaonekani. Dawa ni prazikwanteli, inapatikana. Sisi tunabeba chupa moja ya maji ya akiba ya kunawa uso tu, tunamwagiana kama watoto.

Samaki hapo ni fresh. Chagua sato uliyemwona akitoka mtumbwini, uliza bei kabla hajakwaruzwa magamba, na ugali usubiri bila kuuliza uko wapi, ukiuliza unaletwa mbichi. Kisha mpigie bibi wa dagaa simu umwambie mmeshuka, maana hatupiti kwake jioni, na ukisahau atatuma vijana mlimani.

Kwenye daladala la kurudi utakuta pindo lote la kitenge limejaa mbegu nyeusi zenye meno mawili, kishonanguo. Zing'oe moja moja uzitie kwenye mfuko wa takataka, usizidondoshe chini ya kiti. Na nyumbani piga viatu ukutani vitoke udongo na mbegu kabla ya kupanda kilima kingine. Kondakta mmoja alinitazama nikizing'oa kuanzia Nyegezi mpaka Mkuyuni, akaniuliza, "Mama, wewe si fundi? Ungeziacha zikushonee."